Jina Katika Hati ya Maombi ni Amana

Juma lililopita alifika katika ofisi yetu mfanyakazi mmoja, mtu mzima, kibarua wa miaka mingi katika maghala ya mjini. Hakuja kulalamika, wala hakutaka jina lake litiwe gazetini. Alikuja na swali. Mtaani kwao vijana wa tawi la Chama walikuwa wakizungusha hati ya maombi, ya kumwomba Mbunge wa jimbo apeleke Bungeni habari za vibarua wanaofanya kazi ile ile mwaka hata mwaka pasipo kuandikwa kazi ya kudumu. Ombi lenyewe lilikuwa la haki, naye alilipenda. Lakini alikuwa bado hajatia sahihi yake.

"Ndugu Mhariri," alituuliza, "nikitia sahihi, karatasi hii yakwenda wapi?"

Hati yenyewe hatukuiona. Alituonyesha picha yake katika simu. Kijana mmojawapo, kwa bidii njema tu, aliipiga picha akaituma katika kundi la WhatsApp la mtaa ili awahimize waliokuwa bado. Katika picha ile kulikuwa na safu 6: jina kamili, mtaa na nyumba, namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu, mahali pa kazi, na sahihi. Mistari 13 ilikuwa imekwisha kujazwa. Basi huyu aliyekuwa awe wa 14, kabla hajashika kalamu, alikwisha kusoma habari za jirani zake 13: nani akaa wapi, nani afanya kazi kwa nani, na simu ya nani ni ipi. Na wa 15 angezisoma zake. Isitoshe, katika kundi lile la simu yumo msimamizi wa ghala analofanyia kazi, mtu ambaye kila asubuhi husimama mlangoni akichagua nani aingie kazini na nani arudi nyumbani.

Tulimwomba atupe siku chache, tukamwahidi kumjibu kwa njia ya gazeti. Kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Ni swali la kila mfanyakazi anayeombwa sahihi, na ni swali linalotupasa zaidi sisi tulio katika Chama, ambao kazi yetu ya kila siku ni kwenda kwa watu na kuwaomba watuunge mkono.

Haki iliyotulea

Kwanza na tuseme wazi kwamba haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka si jambo dogo katika nchi hii. Kabla hatujawa na kura tulikuwa na kalamu. Tanganyika ilipokuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Mkataba wa Umoja huo ulilipa Baraza la Udhamini uwezo wa kupokea maombi ya wananchi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakuchukua mikuki. Waliandika maombi, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akaieleza dunia yaliyowapata watu wake. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini nchi nzima ilijifunza kwamba mnyonge aweza kusikika.

Tuangalie jambo moja katika habari hiyo. Kwa mujibu wa Mkataba ule, Baraza lilipaswa kuyachunguza maombi kwa kushauriana na dola iliyokuwa ikitawala. Yaani malalamiko juu ya Mwingereza yalifika mikononi mwa Mwingereza. Aliyelalamika alijulikana kwa yule aliyelalamikiwa. Watu wale walilijua jambo hilo na bado wakaandika. Heshima yao haipungui. Lakini si kila mtu aliyekuwa katika hali ya kuweza kufanya hivyo. Mwaka 1953 serikali ile ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kujitia katika vyama vya siasa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, karani wa boma na mwalimu wa shule ya serikali walikuwa na mioyo ya uhuru kama wengine, lakini mkate wa watoto wao ulikuwa mkononi mwa mkoloni. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi mwaka 1955 kuacha kazi ya ualimu ili ashike kazi ya Chama. Wengi wengine walikisaidia Chama kwa siri, kwa fedha na kwa mashauri, na majina yao hayakutajwa hadharani.

Je, wazee wetu waliwaita hao waoga? La hasha. Walijua kwamba mtu aliyekuamini kwa jina lake amekupa kitu ambacho chaweza kumdhuru kikianguka mikononi mwa mwingine. Waliotunza siri ile walitunza uhai wa Chama. Basi yafaa sisi tulioachiwa matunda tujiulize kama twajua kutunza kama walivyotunza wao.

Ombi si kura

Yuko atakayesema: kama jambo ni siri, mbona tusifanye maombi kama tufanyavyo kura? Jibu ni kwamba kura na ombi ni ndugu, lakini si pacha. Kura ya siri ilianza kutumika katika makoloni ya Australia mwaka 1856, na Uingereza ikaifuata mwaka 1872. Kabla ya hapo mpiga kura wa Kiingereza alitaja chaguo lake mbele ya watu, na mwenye shamba aliweza kumfukuza mpangaji aliyechagua kinyume chake. Kwa sababu hiyo karatasi ya kura haina jina. Msimamizi hukuhakiki mlangoni, kisha hukuacha peke yako na sanduku. Hivyo hesabu huwa ya kweli na siri hubaki siri.

Ombi haliwezi kwenda hivyo. Nguvu ya ombi ni majina. Anayelipokea ana haki ya kujua kwamba watu 500 walioandikwa ni watu 500 kweli, wala si mtu mmoja mwenye kalamu 5 na usiku mrefu. Wafanyakazi wa Uingereza waliojulikana kwa jina la Chartists walijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1848 walipeleka Bungeni hati ya kudai haki ya kupiga kura. Viongozi wao walitangaza kwamba ina sahihi zaidi ya milioni 5. Makarani wa Bunge walipohesabu walipata pungufu ya milioni 2, na miongoni mwao majina ya mzaha, hata jina la Malkia Victoria mwenyewe. Dai lilikuwa la haki, na watu zaidi ya milioni moja walilitia sahihi kwa moyo safi. Lakini kwa ajili ya majina ya uongo mabwanyenye walipata sababu ya kucheka, na kilio cha maskini kikafanywa kichekesho.

Kwa hiyo hatusemi kwamba hati ya maombi isiwe na majina. Wala hatusemi kwamba mpokeaji asiyahakiki. Tusemalo ni hili: jina hutolewa kwa ajili ya kazi moja, nayo ni kuthibitisha hesabu. Kazi hiyo ikiisha, jina ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe au huharibiwa, haigeuzwi mtaji.

Somo la Venezuela

Wasomaji wengine watadhani twaogopa kivuli. Na tuwapeleke Venezuela, nchi ambayo wengi wetu tuliitazama kwa mapenzi, kwa kuwa Rais wake, Hugo Chávez, alisema maneno ya wanyonge na alitumia fedha za mafuta kwa shule na zahanati za maskini. Twaichagua nchi hiyo makusudi. Lau tungetaja dhuluma ya makaburu au ya mkoloni, kila mwanachama angeitikia kwa kichwa na kwenda zake. Yafaa tutazame kosa lililofanywa na watu waliojiita, kama sisi, watumishi wa umma.

Katiba ya Venezuela ya mwaka 1999 iliwapa wananchi haki ya kumpigia kura ya kumwondoa kiongozi aliyechaguliwa, akiisha kutimiza nusu ya muda wake, iwapo asilimia 20 ya wapiga kura watatia sahihi kuomba kura hiyo. Haki hiyo iliandikwa na wafuasi wa Chávez wenyewe, na ilikuwa haki njema. Mwishoni mwa Novemba 2003 wapinzani walikusanya sahihi za mamilioni. Mtu aliandika jina lake na namba ya kitambulisho chake, akatia sahihi, akaenda zake.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 Rais aliomba nakala za fomu zile, akapewa mbunge wa chama chake, jina lake Luis Tascón. Mbunge huyo akaweka majina na namba za vitambulisho katika mtandao, kila mtu aone. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri kabisa: ili mwananchi atazame kama jina lake halikuibiwa na wapinzani. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mwenye jina ulikuwa umefunguliwa pia kwa mwajiri wake. Baadaye ikatengenezwa orodha kubwa zaidi iliyojulikana kama Maisanta, yenye wapiga kura zaidi ya milioni 12, ikionyesha nani alitia sahihi na nani hakutia. Ikawa mtu akienda kuomba kazi ya serikali, karani hutazama orodha kabla ya kutazama cheti.

Kura yenyewe ilipigwa tarehe 15 Agosti 2004, naye Chávez akashinda kwa karibu asilimia 59. Lakini orodha haikufa na kura. Wataalamu 4 wa uchumi waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2011 waliona kwamba wale waliotambulikana kuwa wapinzani walipungukiwa na mapato yao kwa asilimia kama 5 baada ya orodha kutoka, na kiasi cha wenye kazi miongoni mwao kikashuka kwa zaidi ya asilimia 1. Aprili 2005 Rais mwenyewe aliwaambia watu wake hadharani kwamba wakati wa orodha ile umepita, izikwe. Ni rahisi kuzika karatasi. Orodha iliyokwisha kunakiliwa mara elfu huzikwa wapi?

Watumishi 3 wa Baraza la Taifa la Mipaka, wanawake wote 3, ambao mikataba yao ya kazi ilikatizwa mwaka 2004 baada ya kutia sahihi, walikwenda mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika. Tarehe 8 Februari 2018 Mahakama hiyo iliamua kwamba haki zao za siasa, za kutoa maoni na za kufanya kazi zilikuwa zimevunjwa. Waliipata haki yao kwa karatasi baada ya miaka 14. Mwenye njaa huhesabu miaka 14 kwa namna nyingine.

Ndugu zetu wanachama, tusiseme kwamba hayo hutokea kwa watu wabaya tu. Hakuna aliyekaa na kuandika sheria ya kuwanyima watu kazi. Kilichotokea ni kwamba karatasi iliyotolewa kwa kazi moja ilitumiwa kwa kazi ya pili, na mikono mingi midogo, ya makarani na wasimamizi, ikamaliza iliyobaki.

Na hapa jirani

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari ili tuone jinsi majina yanavyosafiri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka sahihi za wapiga kura milioni 1 kwa mwananchi anayetaka kuanzisha mabadiliko ya Katiba. Novemba 2020 ukusanyaji wa sahihi za mpango uliojulikana kama BBI ulianza. Januari 2021 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba imewatambua wapiga kura zaidi ya milioni 1 katika majina yaliyopelekwa. Tume hiyo iliweka orodha ya waungaji mkono katika mtandao wake, na yeyote aliyeona jina lake limetiwa pasipo ridhaa yake akapewa siku chache tu kupeleka malalamiko kwa maandishi. Mpango wenyewe ulikwisha mahakamani; Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya mwisho tarehe 31 Machi 2022.

Katika Juni 2021, kwa jambo jingine, Wakenya wengi walitazama katika mtandao wa serikali wakastaajabu kujikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kujiunga navyo. Hatusemi kwamba majina hayo yalitoka katika hati za BBI. Ni mambo mawili mbali mbali. Twasema tu kwamba katika zama hizi jina, namba ya kitambulisho na sahihi zikikaa pamoja mahali pasipo mlinzi, mtu aweza kufanywa mwanachama, mwungaji mkono au mpinzani, naye yuko shambani kwake akipalilia.

Zamani hati ya maombi ilikuwa karatasi moja. Ili kuiba majina 1,000 ilikupasa ukae ukayanakili kwa mkono, na taa ingezimika kabla hujafika nusu. Leo picha moja ya simu yatosha, na namba ya simu ya mtu ndiyo mlango wa fedha zake pia. Anayeijua namba yako, jina lako kamili na namba ya kitambulisho chako, keshapata nusu ya safari ya kukulaghai. Kwa hiyo hata asiyejali siasa ana sababu ya kujali safu zile 6.

Je, mwenye haki aogope?

Iko hoja moja yenye uzito, nasi hatutaki kuikwepa. Husemwa kwamba siasa ni kazi ya hadharani. Anayetaka kubadili sheria inayowahusu wote na asimame mbele ya wote. Nchini Marekani jambo hili lilifika mpaka Mahakama Kuu. Katika jimbo la Washington, mwaka 2009, watu zaidi ya 137,000 walitia sahihi kutaka sheria moja ipelekwe kwa kura ya wananchi. Watu wengine wakataka majina yao yatolewe na kuwekwa katika mtandao. Tarehe 24 Juni 2010 Mahakama hiyo, kwa majaji 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba kwa jumla si haramu kuyatoa majina ya waliotia sahihi maombi ya namna hiyo, ili ulaghai ugunduliwe na umma uone kazi ya serikali yake. Lakini ikakubali kwamba mahali ambapo yaonekana wazi kuwa waliotia sahihi watatishwa au kulipizwa kisasi, waweza kuomba kulindwa. Jaji mmojawapo alitilia mkazo kwamba wananchi hawana budi kuwa na ujasiri wa kusimamia maneno yao.

Twauheshimu ujasiri. Lakini twauliza: ni ujasiri wa nani unaodaiwa? Mwenye duka kubwa akitia sahihi, nani atamfukuza? Wakili mwenye ofisi yake akitia sahihi, nani atamnyima kibarua cha kesho? Ujasiri huo huo kwa tajiri ni senti moja, na kwa kibarua ni posho ya watoto. Yule mtawala wa Kiyahudi, Nikodemo, tulisomeshwa shuleni, alimwendea Bwana usiku. Wala hakufukuzwa kwa kuja usiku. Alisikilizwa. Na baadaye, siku ya mazishi, ndiye aliyesimama mchana. Mtu hukua katika ujasiri wake akipewa nafasi. Ukimvua nguo hadharani siku ya kwanza, hutamwona siku ya pili.

Zaidi ya hayo, wanaosifu ujasiri wa kibarua mara nyingi ndio wasiotaja majina yao wenyewe. Twaona maombi yanayozungushwa pasipo kujulikana nani ameyaandika, nani amelipia kuyapiga chapa, na nani atayashika. Hapo mambo yamepinduliwa. Maoni yetu ni haya: jina la kiongozi wa ombi na liwe wazi kama mchana, jina la mfuasi na liwe amana. Anayeanzisha jambo ndiye apaswaye kubeba mzigo wa kujulikana, maana yeye ndiye anayetaka kuaminiwa.

Wala hii si ndoto. Bunge la Uingereza lina mtandao wake wa maombi, ambamo ombi lenye sahihi 10,000 hujibiwa na serikali, na lenye 100,000 hufikiriwa kujadiliwa Bungeni. Anayetia sahihi hutoa jina, anwani ya barua pepe na alama ya posta ya mahali akaapo ili ahakikishwe. Umma huonyeshwa jina la mwanzishaji wa ombi na hesabu ya sahihi, hata kwa kila jimbo. Majina ya waliotia sahihi hauonyeshwi. Mbunge ajua kwamba watu wake kadha wa kadha wamenung'unika, wala hana orodha ya kuwatafuta. Umoja wa Ulaya nao, kwa maombi ya raia yanayohitaji sahihi milioni 1, umeweka sheria tangu mwaka 2019 kwamba waandalizi hawana budi kuziharibu karatasi za sahihi mwezi 1 baada ya kupeleka ombi, au miezi 21 tangu kuanza kukusanya, lolote litakalotangulia.

Yatupasayo sisi

Nchi yetu haiko nyuma kwa sheria. Katiba yetu, katika ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisitumiwe kwa kusudi jingine. Nayo yahesabu itikadi ya siasa na uanachama katika chama cha wafanyakazi kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Iko na Tume ya kusimamia sheria hiyo. Lakini sheria hukaa mjini. Hati ya maombi huzunguka mitaani. Kinachohitajika ni desturi njema katika kila tawi, na desturi hiyo yaweza kuanza kesho asubuhi pasipo kungoja waraka.

Kwanza, tuache karatasi ya mistari 20 ambayo kila mtu husoma habari za mwenzake. Kila mtu na apewe kipande chake cha karatasi, akiandike, akikunje, akitie katika mfuko uliofungwa. Gharama yake ni ndogo, na karani wa tawi aweza kukata karatasi moja vipande 4.

Pili, tuulize kile tu kinachothibitisha hesabu. Jina, mtaa, na alama moja ya kumtambulisha mtu, basi. Mahali pa kazi pa mtu pana haja gani katika ombi la kumwandikia Mbunge? Namba ya simu yatakiwa kwa nini, ikiwa hakuna anayekusudia kumpigia? Kila safu isiyokuwa na sababu ni mtego, hata kama aliyeichora hakukusudia kutega.

Tatu, juu ya kila hati na yaandikwe maneno matatu: nani ameianzisha, yapelekwa kwa nani, na itaharibiwa lini. Mtu asiyeweza kuyajibu hayo asipewe sahihi ya mtu yeyote, hata akiwa amevaa sare yetu.

Nne, ni mwiko kuipiga picha hati iliyojazwa. Kijana anayetaka kuwahimiza wengine na atangaze hesabu: leo tumefika 200, kesho tufike 300. Hesabu huhimiza kuliko majina, na haimdhuru mtu.

Tano, nalo ni gumu kuliko yote kwa Chama, tusichukue majina ya waliotia sahihi ombi tukayafanya orodha ya wanachama, au ya michango, au ya kutumiwa habari za uchaguzi. Aliyetuunga mkono kwa jambo la maji hakutuunga mkono kwa mambo yote. Tukimtaka awe mwanachama, njia iko: tumwendee, tumwombe, akubali au akatae. Na zaidi ya hayo, siku ambayo watu watatia sahihi ombi la kutulalamikia sisi, maana siku hiyo huja kwa kila chama kinachotawala, tusiende kutafuta majina. Tutafute sababu ya malalamiko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tusiwatendee wanaotupinga yale ambayo mkoloni alitutendea, na ambayo tusingependa kutendewa tena.

Nao wafanyakazi tunawaambia hivi. Msiogope hati ya maombi. Ni silaha yenu halali, na asiyeitumia humwachia mwenye sauti kubwa kusema kwa niaba yake. Lakini kabla ya kutia sahihi ulizeni, na mwenye kuuliza asionekane msaliti. Na mkiisha kukubali, tieni majina yenu ya kweli. Jina la uongo moja huharibu ya kweli mia, kama yalivyowapata Chartists.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa maghala. Ulituuliza karatasi ile yakwenda wapi. Jibu la kweli ni kwamba, kwa namna ilivyoandaliwa, hakuna aliyejua, hata vijana walioishika. Nasi, kwa kuwa vijana wale ni wa Chama chetu, twakuomba radhi wewe na wenzako 13. Tumezungumza na tawi. Picha ile imeombwa ifutwe katika simu zote, ingawa hatuwezi kuapa kwamba imefutwa. Na hiyo ndiyo hasara ya amana iliyokwisha kumwagika. Hati ya zamani imechanwa mbele ya wale waliokuwa wametia sahihi, na mpya itaanza Jumamosi, kila mtu na kipande chake, pasipo safu ya simu wala ya mahali pa kazi, na jina la katibu wa tawi likiwa limeandikwa juu kwa herufi kubwa.

Ombi ni lile lile, na haki ni ile ile. Ukiona sasa kwamba karatasi yajua iendako, njoo utie sahihi yako. Ukiona bado, kaa nyumbani; hakuna atakayeandika kwamba hukuja.